Kompyuta yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri Kawangware lakini Kibera inakataa. Sababu yake bado inanitetemesha

Niaje wakuu.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka na comments, naenda zangu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila mtu nikimhadithia haya mambo ana kwa ana, ananiangalia kama naongeza chumvi.

Sijaongeza kitu. Kama kuna mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mtaani naitwa Mama Brian. Niko na cyber ndogo Silanga, Kibera, ule upande unateremka kuelekea Dam. Kompyuta moja ya mezani, laptop moja mzee, printa na mashine ya laminating. Nachapa CV, najazia watu fomu za online, napanga eulogy za mazishi. Hiyo ndiyo kazi inalisha nyumba yangu, pamoja na kazi ya bwanangu ambaye ni fundi wa mawe.

Chumba ni cha mabati, kwa plot ndefu ya vyumba vimeshikana. Paa ni moja. Kati ya jirani na jirani ni karatasi moja tu ya bati. Jirani akikohoa unamwambia pole.

Ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa jikoni ya Mama Vero, mama mboga wetu. Huuza hapo mbele kwa njia, lakini sukuma wiki anaoshea na kukatia ndani, kwa beseni, akiwa miguu mitupu. Huyo mama tumejuana tangu nihamie hapa. Akipika omena lazima sahani ipite kwangu.

Sasa tuingie kwa kompyuta.

Sijasomea haya mambo. Nimejifunza kwa kuhangaika. Na kitu nimejifunza ni kwamba error nyingi hukwambia shida iko wapi, ni vile watu hawasomi. Mtu akiona Kiingereza na alama nyekundu anabonyeza OK haraka kama mtu amefumaniwa.

Kwa mfano ile ya "No bootable device". Wateja wenye laptop hunijia wakilia hard disk imekufa. Mara nyingi ni flash disk wameisahau kwa mashine. Chomoa, washa tena. Ikikataa hapo ndio uanze kuogopa.

Ama ile ya "Your connection is not private" kwa kila website. Angalia tarehe kwanza. Kama kompyuta inadhani tuko miaka ya nyuma, ni ile battery ndogo ya motherboard imeisha. Si hackers.

Kwa hivyo nilikuwa najiona niko sawa. Hakuna error ilikuwa inanitisha tena.

Halafu mvua ndefu zikaanza.

Kompyuta ya mezani ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Uko katikati ya kazi, pap, skrini nyeusi, halafu inawaka tena ikikuuliza kama unataka kurudisha mafaili ambayo hayakuhifadhiwa. Laptop ilikuwa haisumbui, lakini hiyo ina battery yake.

Baadaye ikaongeza nyingine. Printa ikiwa imechomekwa, kwa kona ya skrini kunatokea "Power surge on the USB port". Printa inanyamaza. Mouse inanyamaza. Ukichomoa na kurudisha inasema "USB device not recognized".

Halafu ile ya bluu yenye uso wa huzuni. Hiyo mnaijua.

Nikasema ni virus. Nikascan usiku na mchana, hakuna kitu. Nikapeleka kwa duka fulani Riruta Satellite, wakaniwekea Windows mpya. Nikarudi nayo, ikafanya asubuhi, jioni mvua ikapiga ikaanza tena. Nikarudi, wakabadilisha RAM. Vile vile.

Kuna kijana mmoja wa mtaa alikuwa anajaza maombi ya kazi ya meli, fomu ndefu haina save. Tuko page ya mwisho. Mama Vero huko nyuma akafunga mlango wake kwa nguvu, na kompyuta ikazima hapo hapo.

Tukacheka. Kijana akasema hii mashine inamuogopa Mama Vero.

Wakuu, hiyo ilikuwa dalili, imekaa wazi kabisa, na sisi tulicheka.

Mteja mwingine aliniambia chumba kiombewe. Sikukataa. Maombi yalifanyika, na kompyuta ikazima tukiwa bado tunasema amina.

Ndipo shemeji yangu akanielekeza kwa fundi mmoja Gatina, Kawangware, anaitwa Ochieng. Ana kibanda chini ya ghorofa moja ya kupangisha, karibu na stage ya boda. Jamaa mpole, haongei sana, na akiongea anaongea kama anasoma.

Nikamwachia mashine. Baada ya siku kadhaa akanipigia simu akasema nikuje niichukue, haina shida.

Nikafika nikaipata inapiga gospel kwa sauti, printa yake imeunganishwa, tabs zimejaa. Akasema imewaka hivyo tangu nimwachie. Haijajizima hata mara moja.

Nikaibeba hadi Silanga nikiwa na furaha. Nikaichomeka. Sijamaliza kupika chai, ikazima.

Nilikaa chini nikaiangalia tu. Kawangware inafanya. Kibera inakataa. Mashine ni ile ile, waya ni ule ule. Nilianza hata mimi kufikiria mambo ya kijijini, ya kurogwa.

Asubuhi iliyofuata nikairudisha Gatina, na wakati huu nikakataa kuondoka. Nikamwambia Ochieng niko hapa hadi anionyeshe na macho.

Akafungua kitu kinaitwa Event Viewer. Kama hamkijui, ni kama kumbukumbu ya kompyuta, kila kitu imepitia imeandikwa hapo. Search tu hilo jina kwa Windows. Kulikuwa na alama nyekundu zimepangana kutoka juu hadi chini, zote zimeandikwa "Kernel-Power".

Akanisomea moja pole pole. Akanieleza kwamba kompyuta ikizimwa vizuri huandika kwaheri. Hizi zote hazikuandika kwaheri. Zilikatwa.

"Hii error haisemi mashine ni mbovu," akaniambia. "Inasema stima ilipotea ghafla. Nyinyi mmekuwa mkibadilisha mashine. Sasa niambie stima yenu ikoje."

Nikamwambia iko sawa, taa haizimi. Akasema taa ikikatika kwa nukta ndogo jicho haliwezi kuona, lakini kompyuta inaona. Akauliza waya unaingia wapi. Nikamwambia unatoka kwa nguzo, unapita juu ya paa, unaingia kwa tundu kwenye bati, juu ya pembe ya nyuma. Wa plot nzima unapitia hapo kwangu ndio ugawanywe.

Akauliza tundu lina mpira ama bomba ya kukinga waya. Sikujua. Nilijua tu caretaker wetu, Jumba, ndiye alitoboa na msumari na nyundo.

Ochieng akagusa upande wa chuma wa mashine. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimewahi kuulizwa na fundi yeyote.

"Ukishika hiyo kompyuta kwa chuma, unahisi kitu?"

Nikamwambia ndiyo, inauma kidogo, kama siafu. Lakini nimezoea. Hata meza huuma. Meza ni ya chuma.

"Meza imegusa ukuta?"

Imegusa.

"Na ukuta wenyewe?"

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba wiki hiyo ukuta pia ulikuwa umeniuma. Nilikuwa nimeegemea nikisubiri printa. Nilidhani ni msumari.

Ochieng akaweka screwdriver chini. Akasema waya umesagika kwa hilo tundu. Bati inacheza na upepo, inakula ngozi ya waya. Nyuzi zingine zimekatika, ndio maana kompyuta inazima bati ikitikisika. Zile zimebaki zinagusa bati. Na bati ikigusa meza, na meza ikigusa kompyuta, stima inatafuta njia kupitia waya wa printa. Ndio maana ya ile "power surge". Ilikuwa inasema ukweli mtupu.

Halafu akauliza nani yuko upande ule mwingine wa ukuta.

Nilikuwa natafuta simu.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Gatina ikinyesha, ujue Silanga pia iko njiani kunyesha.

Mama Vero hakushika. Nikapiga tena. Hakushika. Nilikuwa namuona kwa akili yangu, beseni, maji chini, miguu mitupu, mgongo kwa ukuta.

Mara ya tatu akashika. Nikamwambia atoke kwa nyumba, asiguse ukuta, asiguse mlango, atoke tu na watoto wakae nje.

"Mama Brian, nje kunanyesha," akasema.

Nikamwambia anyeshewe. Nikamwambia ukuta una stima.

Nikasikia kisu kinawekwa chini.

"Kumbe," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huu mkono umekuwa ukifa ganzi wiki mbili. Nimeenda clinic. Wakaniambia ni pressure. Hadi nakunywa dawa."

Nilikaa kwa kiti cha Ochieng.

Mama Vero alikuwa anapigwa na stima kidogo kidogo kila siku akikata mboga, na akidhani ni ugonjwa. Ukuta ulikuwa unamuuma yeye na unaniuma mimi, kila mtu na upande wake, na tunakula pamoja jioni na hakuna anayetaja.

Ochieng akafunga kibanda. Akachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndani ikigusa stima inawaka, tukapanda boda moja hadi Kibera. Sikumbuki barabara. Nakumbuka maji yakiniingia kwa viatu.

Tulipofika Mama Vero alikuwa nje chini ya mwavuli wa biashara yake, na watoto, na majirani kadhaa wakiwa wamekuja kuangalia kuna nini. Ochieng hakusalimia sana. Akaomba kiti changu cha plastiki, akapanda juu yake ili asikanyage maji, akagusisha testa kwa ukuta wa cyber.

Ikawaka.

Akahama na kiti hadi kwa Mama Vero. Ikawaka.

Akaendelea na ile line. Mlango baada ya mlango, akiomba watu watoke. Kule mwisho kuna bafu yetu ya mabati, ile ya plot nzima. Watu wote wanaogea hapo. Wanawake wajawazito wanaogea hapo. Brian wangu anaogea hapo.

Akagusisha testa. Ikawaka.

Kuna mama mmoja alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kuoga na taulo begani, akaiweka chini tu pole pole.

Ochieng akasema lazima stima ikatwe kwa nguzo sasa hivi, na asingepanda nguzo kwa mvua bila mtu anayejua vile imeunganishwa. Huyo ni Jumba. Tukamwita.

Jumba ni mtu wa heshima kwa plot. Anafungua maji, anatatua vita, mazishi yakitokea ndiye anazunguka kuchanga. Na yeye ndiye alivuta huo waya kwa mikono yake. Kwa hivyo alipofika akapata watu wamesimama nje kwa mvua, na fundi wa kutoka Kawangware anamweleza kazi yake ni mbaya, nadhani mnaelewa vile alihisi.

Alisema hii stima imekuwa hapa miaka na hakuna mtu amekufa. Alisema mafundi wa kompyuta wakishindwa na kompyuta wanasingizia nyumba. Watu wengine wakaanza kutikisa kichwa wakikubaliana naye, kwa sababu pia hakuna mtu anapenda kukatiwa stima.

Ochieng akamwambia, "Mzee, usiguse tu. Tuongee lakini usiguse."

Na Jumba, ili atuonyeshe, akanyoosha mkono, akashika ukingo wa bati ya kwa Mama Vero, akautikisa.

Alikuwa na sandals. Chini kulikuwa na maji.

Sikusikia kelele. Hiyo ndiyo kitu hadi leo inanisumbua. Nilidhani mtu akishikwa na stima hupiga nduru. Jumba hakutoa sauti. Alisimama tu, ameshika bati, meno yameumana, na mwili mzima unatetemeka kidogo kidogo kama mtu anasikia baridi. Macho yalikuwa yananiangalia mimi.

Mtu mmoja akaruka kumshika. Mama Vero ndiye alimzuia, alimvuta na koti hadi akaanguka kwa matope.

Ochieng alishuka kwa kile kiti, akakigeuza, akasukuma mkono wa Jumba na miguu ya kiti. Mara ya kwanza haukutoka. Mara ya pili ukatoka, na Jumba akaenda chini kama gunia.

Alikuwa anapumua. Vibaya, lakini anapumua. Kiganja kilikuwa kimebadilika rangi na kulikuwa na harufu ambayo sitaielezea hapa.

Muuza makaa wa hapo chini alitoa mkokoteni wake. Tukamlaza juu ya magunia, wanaume wakausukuma kwa ile njia ya kupanda hadi barabarani ambapo gari inaweza kufika. Mimi na Mama Vero tulifuata nyuma tukiwa tumeshikana mikono. Mkono wake mmoja ulikuwa bado na ganzi, aliniambia hausikii wangu.

Jumba hakufa. Nawaambia mapema msije mkanitukana kwa comments. Alilazwa, akatoka. Vidole viwili havikunji tena. Madaktari walisema kama angekaa hapo muda kidogo zaidi, ingekuwa mambo mengine.

Stima ilikatwa siku hiyo hiyo na fundi wa stima tuliyemwita. Waya ulipotolewa kwa lile tundu, Ochieng alinionyesha. Ngozi yake ilikuwa imeliwa kabisa, shaba inang'aa kama pete, na nyuzi zilizobaki nzima ungezihesabu kwa vidole.

Sasa hapa kuna kitu mtashangaa. Watu walinikasirikia.

Siku za kwanza walikuwa wananisalimia vizuri. Giza liliporefuka, simu hazina charge, kinyozi wa plot amefunga, maneno yakaanza. Eti mama wa cyber alileta fundi kutoka huko akatuharibia. Kuna jirani alinipita bila kunisalimia, na ni mtu aliyekuwa ameshika mtoto wake mkononi karibu na ile bafu siku testa ilipowaka. Aliona na macho.

Mama Vero ndiye alikuwa ananijibia, na yeye akijibu mnajua, mtaa mzima unapata jibu.

Mwenye plot alikuja, akaona kuta, akaona mkono wa Jumba. Akaleta fundi wa stima. Waya zote ziliwekwa upya, zinapita kwa bomba za plastiki, kuna waya wa earth umezikwa chini, na kuna ile breaker inayoruka yenyewe kukiwa na shida.

Kompyuta yangu haijajizima tena. Windows ni ile ile. RAM ni ile ile. Mkono wa Mama Vero ulirudi pole pole, na clinic wakamwambia aache zile dawa.

Funzo nililopata ni hili. Error ikirudi baada ya kubadilisha kila kitu ndani ya mashine, toka nje ya mashine. Ipeleke mahali pengine uone kama inafanya. Ikifanya huko na kukataa kwako, shida iko kwako: soketi, extension, waya, ukuta. Soma Event Viewer. Ukiona "Kernel-Power" nyingi, fikiria stima kabla ya virus. "Power surge on the USB port" mara nyingi ni kifaa kibovu ama waya wa USB, lakini ikija pamoja na chuma kinachouma, hapo achana na kompyuta kabisa.

Chuma hakifai kukuuma. Hata kidogo. Hakuna kuzoea.

Juzi Jumba alikuja cyber. Alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia fremu, halafu akaingia akipita katikati kabisa bila kugusa upande wowote. Akakaa. Akaniambia anataka nimchapie tangazo la kubandika kwa kila mlango, na pia kwa bafu, herufi kubwa.

Nikamwambia ataje maneno nichape. Akafikiria kidogo, ule mkono umelala kwa magoti.

"Andika hivi," akasema. "Ukisikia mabati inakuuma, usinyamaze. Usingojee. Ita Jumba." Nikachapa. Nikadhani amemaliza, nikashika mouse.

"Ongeza," akasema. "Hata kama ni Jumba aliweka hiyo waya."

Niliprint nakala za kutosha plot nzima. Tulizibandika pamoja, mimi nikishika karatasi, yeye akikata selotepu na meno.

Basi wakuu, ni hayo. Mwenye swali aulize, mafundi wa stima mlio hapa nirekebisheni mahali nimeeleza vibaya, na kama kuna mtu yamemkuta kama haya atuambie.

Lakini kama unasoma hapa ukiwa kwa nyumba ambayo ukuta ama kompyuta hukuuma kidogo na umezoea, usicomment kwanza. Toa watu nje, tafuta fundi. Tutakusoma ukirudi.